Niliunguza pembe ya maksai wake, nikampa ya machinjioni

Mpendwa Shangazi Wilhelmina, shikamoo. Naomba unisaidie maana jambo hili nimelibeba wiki ya tano sasa na limeninyima hata hamu ya kula, mke wangu Suzana anadhani nina vidonda vya tumbo na mimi nimemwacha adhani hivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa mipini hapa Nyakato, natengeneza mipini ya visu na fimbo za wazee kwa pembe, mifupa na mpingo, kazi hii nina miaka kumi na moja nayo na sijawahi kumdanganya mteja, ila mwezi wa pili alikuja mfugaji mmoja kutoka ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, nimwite Mzee Nathaniel, ana rivolva ya kizamani anayoimiliki kwa kibali kwa sababu ya wezi wa mifugo, na mpini wake wa mbao ulikuwa umepasuka. Bastola yenyewe hakuja nayo, aliniletea vile vibao viwili vya mpini ili nipimie, pamoja na pembe moja aliyoifunga kwenye khanga, pembe ya maksai wake aliyeitwa Mabaka, ambaye alimlimia pamba miaka kumi na minne na watoto wake wanne wakasoma kwa jasho la mnyama yule, na Mabaka alipokufa kwa uzee mzee alikataa asiliwe, akamzika, akabakiza pembe mbili tu. Akaniambia, "Mwanangu, nataka nikishika kitu changu niwe nimemshika yeye."

Shangazi, pembe ili uinyooshe lazima uichemshe taratibu mpaka ilainike ndipo uibane, mimi siku hiyo nikaona maji yanachelewa, nikaiweka juu ya mkaa, nikatoka nje mara moja tu kubishana mpira na fundi pikipiki jirani yangu, Okwach, na tulipofika kwenye ile penalti ndipo nikasikia harufu, nikakimbia ndani, pembe ilikuwa imevimba na kupasuka matabaka kama kitunguu. Nilikaa chini nikashika kichwa. Kesho yake nikaenda machinjioni nikatafuta pembe nyeusi inayofanana, nikachonga vibao vizuri kweli, nikavisugua mpaka vikang'aa, nikampa mzee nikamwambia hii hapa pembe ya Mabaka.

Alivipeleka mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole gumba, kisha akaniuliza, "Uliichemsha muda gani?" Nikamwambia siku nzima. Akacheka kidogo, akasema, "Haya. Kazi ni nzuri," akaondoka zake.

Nikajua yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza, maana wiki iliyopita amevuka tena na pembe ya pili! Amesema nitengeneze vibao vingine. Amesema, "Safari hii usiwe na haraka nayo. Ikikusumbua niite, tusumbuke wote." Ona Shangazi mzee huyu anavyoniamini, hata machozi yalinilenga. Sasa pembe ya Mabaka ina mchirizi wa rangi ya asali na ile ya machinjioni mchirizi wake ni wa kijivu, akivilinganisha vibao atanigundua, Okwach ananishauri na hivi vya pili nivichonge kwa pembe ya machinjioni ili vifanane, na mimi nimeanza kumsikiliza. Nifanyeje? Ile iliyoungua bado ninayo kwenye gunia, nimeshindwa kuitupa.

Ni mimi Josephat (si jina langu), Nyakato, Mwanza

*

Marahaba, Josephat. Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikacheka peke yangu mpaka mhariri akachungulia mlangoni.

Nianze na hasira. Mtu anakukabidhi mnyama wake aliyemlilia, wewe unamwacha juu ya mkaa unakwenda kubishana penalti? Kuunguza ni ajali ya kazi, fundi asiyeharibu ni yule asiyefanya kazi. Lakini kumtazama mzee usoni na kumwambia "hii hapa Mabaka", hiyo si ajali. Hilo ulilichonga mwenyewe.

Sasa pumua, maana nina habari njema na nashangaa hujaiona mwenyewe. Umechonga pembe miaka kumi na moja, ila nakuona wazi hujawahi kuchunga. Marehemu baba yangu alikuwa na ng'ombe sitini kule Magu, na alimtambua kila mmoja kwa alama za kwato zilizoachwa kwenye tope. Wewe unadhani mtu aliyetembea nyuma ya maksai miaka kumi na minne, pembe zile zikiwa mbele ya macho yake kila msimu wa kulima, hajui rangi ya mchirizi wake? Alijua pale pale mlangoni, Josephat. Kwa nini unadhani alikuuliza habari ya kuchemsha? Alikuwa anakufungulia mlango useme. Wewe ukaufunga kwa "siku nzima".

Kwa hiyo acha kuogopa kugunduliwa. Umekwisha gunduliwa, na hakuna aliyekupiga wala kukutangaza. Unachokiita kuaminiwa ni kitu kikubwa zaidi. Ni mtu anayejua ulichofanya na bado anataka ukifanye vizuri.

Ushauri wa Okwach mwachie mwenyewe kwenye pikipiki zake. Ukimpa mzee pembe ya machinjioni mara ya pili, hapo hutakuwa umekosea, utakuwa umemtukana, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema unastahili kukimbiwa na wateja.

Fanya hivi. Leo mwambie mkeo ukweli, asiendelee kukununulia dawa za tumbo bure. Kesho asubuhi panda kivuko cha kwanza cha Kamanga. Chukua lile gunia, mrudishie mwenyewe mabaki yake, ataamua kama atayazika na mwenzake. Pembe ya pili ibebe nayo, usiwe umeigusa hata kwa msasa. Ukifika msalimie kwa adabu, kisha sema maneno haya bila kuongeza habari za mkaa wala mpira: "Baba, niliunguza pembe ya Mabaka, nikakudanganya kwa ya machinjioni. Nisamehe." Halafu nyamaza. Umwombe vile vibao vya uongo avifungue, uondoke navyo. Na umkaribishe aje akae karibu na sufuria wakati unachemsha, hata ikichukua siku nzima kweli.

Pembe ilikuwa imebaki moja tu duniani, Josephat. Aliifunga kwenye khanga, akapanda kivuko, akakuletea wewe, aliyeunguza ya kwanza. Mtu wa namna hiyo hawekwi akisubiri mpaka wiki ijayo.