Yai Kwenye Meno ya Mashine

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako ni mzima, yuko Kisesa kwa dada yake, nami najipikia ugali mbaya.

Unauliza ununue kishikio gani cha kubana mti kwenye mashine yako ya kukereza mbao, maana dukani vyote vinang'aa. Nilipokuwa kijana, fundi wangu pale Buhongwa alipata chake cha kwanza, chenye meno manne yanayosogea pamoja kwa ufunguo mmoja. Hakukijaribu kwa mti. Alichukua yai la kuku aliyeatamia kwenye maranda ya karakana, akaliweka katikati ya meno, akakaza taratibu. Meno yote yakaligusa kwa pamoja. Akaizungusha mashine kwa mkono, yai likazunguka bila kutikisika hata kidogo.

"Kingekuwa kibovu," akasema, "jino moja lingetangulia, likalipasua."

Basi nenda dukani na yai, wala usione haya wakikucheka.

Lile letu alilirudisha chini ya kuku. Siku kifaranga kilipotoka, fundi alivua kofia.

Babu yako