Mihogo Yangu Imeonja Mbolea ya Pamba

Siku ya posho, mvua imekatika

Na ananiuliza kama niliosha mihogo vizuri! Yeye, monitere wa pamba, msimamizi wa mashamba ya Serikali, mume wangu!

Si yeye aliyeamuru watu wang'oe matete yote kando ya kijito? Bwana Agronomu, muzungu wa kilimo, anapenda shamba safi, mistari inyooke toka barabarani mpaka majini. Wakamwaga mbolea ya mifuko. Kisha Mungu akamwaga mvua. Mbolea haikungoja pamba, ilifuata mistari ile ile mizuri, ikaingia pale wanawake tunapoloweka mihogo. Sasa maji iko kijani, mazito kama sombe, majani ya mihogo yaliyopondwa.

Muzungu alipita leo, akasifu mistari. Majini hakufika, buti zake zinaogopa matope.

Mihogo ile nikaitwanga, nikaisonga hivyo hivyo.

"Mama Feliksi, hii bugali gani?"

"Ni pamba yenu, Baba Feliksi. Kula, iko na mbolea."

Akawatupia kuku. Kuku nao wakakataa.

Nikamwambia kesho siku ya Mungu, muzungu akiwa misani, wanawake tutarudisha matete. Yalikuwa yanazuia uchafu wote wa mashamba.

"Atanifunga," akasema polepole. Hapo sikucheka. Jirani yetu alilala gerezani kwa sababu ya magugu tu katika pamba yake, na mimi pia ninaogopa.

Sasa ninamsikia nje ananoa jembe langu la kupandia matete kesho. Lake ameliacha ukutani. Anasema lile ni la Serikali.