Miksa ya Kioo

Free Area, Nakuru

Dada Nekesa,

Mko aje huko Bungoma? Na mama, lile goti limetulia? Mimi niko hai, lakini nimechoka, dada. Nimechoka kabisa.

Unajua kazi yangu hapa kwa kampuni ya mbegu. Wakulima wa Molo na Njoro wanapiga simu kupitia kompyuta moja, na oda zao ziko kwa ile nyingine. Kwa sababu sioni, zote mbili zinanisomea kwa sauti, moja sikio hili, nyingine lile, na mkulima naye anaongea katikati ya hizo kelele. Jioni kichwa kinaniuma mpaka chakula hakipiti.

Nikaomba miksa ya kuleta sauti zote kwa hedifoni moja. Nilisema wazi: iwe na vifungo vya kuzungusha, kila kompyuta na chake, nikishika nijue hiki ni cha nani. Wenzangu wakachanga. Nikaenda dukani na Chebet, tunayekaa naye meza moja. Muuzaji akamuuliza Chebet, "Huyu anataka gani?" Nekesa, na mimi nimesimama hapo hapo! Nikamjibu mwenyewe, yeye bado anaongea na Chebet. Eti vifungo ni vya kizamani, hii ndiyo watu wa studio wanachukua. Boksi akakataa lifunguliwe kabla ya kulipa, basi tukalipa hivyo hivyo.

Ofisini nilikabidhiwa kwa maombi, makofi na picha. Nikafungua, nikapapasa. Kioo, dada! Laini kama sahani, hakuna pa kushika. Watu wote wananingoja niseme kitu. Nikasema asanteni, Mungu awabariki.

Sasa nikitafuta sauti ya kompyuta, kidole kinagusa kwingine, nazima ya mkulima. Juzi mama mmoja wa Molo aliitisha mbegu ya viazi, akaongea weee, mimi simsikii hata neno. Akampigia bosi: "Huyo kijana wenu ananidharau!"

Nilimweleza bosi yote. Duka lilishakataa kuipokea tena. Akaniambia kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza: "Wafula, tumekununulia hata mashine. Tufanye nini tena?" Mwisho wa mwezi natoka kazini. Chebet alilia. Mimi hata machozi sikupata, nikifikiria zile ofisi zote zilizoniambia "tutakupigia" na hazijapiga mpaka leo.

Nisalimie shemeji na watoto. Mjomba anayesaga unga pale posho mill mwambie namkumbuka. Mchungaji usimwambie kitu, ataomba kwa sauti na mama atasikia.

Mama aliambia kanisa lote kijana wake kipofu anaendesha kompyuta mbili. Siwezi kumvunja moyo kwa simu, Nekesa, sauti itanisaliti. Nakutumia ile picha ya siku ya makofi. Akiuliza habari zangu, mwonyeshe hiyo. Chebet anasema nilitabasamu vizuri sana.

Ndugu yako,
Wafula