Kifuko cha Maji Tumboni mwa Rebah

Mtaa wa Machinjioni,
Makthar.
6 Aprili 1995

Mpendwa dada Salha,

Amani iwafikie huko Marseille, wewe, shemeji Lamine na mwanenu Nizar. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hiyo? Sisi tu wazima, na safari hii neno hilo naliandika kwa shukrani: binti yangu Rebah alirudi juzi kutoka hospitali ya Tunis, na leo amemaliza bakuli zima la kuskusi.

Nina donge nawe, acha nilitoe kwanza. Nilipokupigia simu kukuambia tumbo la mtoto linajaa, ulicheka ukasema, "Mpunguzieni mkate, ana tumbo la kadhi." Mke wangu Dalila alisikia. Miezi mitano majirani nao wamemwona Dalila kuwa mama asiyejua kulisha. Haukuwa mkate, dada. Ultrasaundi ilionyesha kifuko cha maji ndani ya ini: sentimita kumi na moja, kwa mtoto wa miaka saba.

Alimezeshwa vidonge kwanza, ndipo akapasuliwa. Daktari, mama mmoja mzaliwa wa Kef, alinieleza kwamba kikipasukia tumboni kinaweza kuua, au kuzaa vingine. Basi walikizungushia vitambaa vya maji ya chumvi, wakafyonza maji, wakatoa ngozi yake ya ndani. Saa tatu na dakika ishirini. Nilizihesabu zote.

Baadaye akaniuliza kazi yangu. Nikasema mchinjaji, tena kwa kujivuna kidogo, maana unajua nilianza na kisu cha kuazima.

"Na maini yenye malengelenge ya maji, kaka, unayapeleka wapi?"

"Wateja hawayataki, daktari. Nampa mbwa."

Hakunigombeza. Alisema mbwa hupata minyoo humo, mayai yake hutoka na kinyesi na kunasa kwenye manyoya. Mtoto hushika, kisha hula. Miaka kumi na tisa nimemlisha kila mbwa wa uani kwa mikono hii. Sasa maini hayo nayachoma.

Sikia basi lililonifanya niandike. Nizar amekaa kwetu sikukuu mbili za kuchinja, jumla siku arobaini na moja, akimlalia mgongoni mbwa wetu wa uani. Kifuko hukua miaka bila kuuma. Usingoje tumbo livimbe. Mpeleke akapigwe picha wiki hii, tumbo na kifua. Ukitaka kuninunia, ninunie, lakini mpeleke.

Mama, Dalila na Rebah wanawasalimu sana. Mungu amkinge mwanao na nililolifanya bila kujua.

Nduguyo akupendaye, na donge lake limekwisha,
Monji