Gego Jeupe la Ukweni

Mama mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kwa kuwa nimechoka, mimi ni Mhehe wa Mlandege, Iringa, nimeolewa na Malimi, Msukuma ambaye kwao wamehamia Usangu na ng'ombe wao, na siku ya mahari baba mkwe alitania mbele ya wajomba zangu kwamba ng'ombe hachukuliwi bila kufunguliwa mdomo akaguliwe meno, watu wakacheka, mimi nikacheka nusu maana gego langu la chini lilikuwa limetoboka, basi nikaenda kwa daktari alizibe kwa dawa nyeupe, akasema huku nyuma haikai, weka ile ya rangi ya fedha, nikakataa, wasije wakaiona nikipiga miayo wakasema wamepewa mbovu. Nyeupe ikapasuka, akaziba tena, ikalika, sasa imetoka na anasema nikichelewa atang'oa. Muda wote huo ukweni mahindi ya kuchoma nayakataa, sicheki, na mama mkwe kamwambia Malimi, "Mkeo anatuona washamba." Mwezi jana Malimi kashuka Usangu na mtoto, mimi kaniacha. Akasema, "Kwetu hupapendi, wewe pumzika." Wamerudi juzi. Je, hiyo nyeupe haiwezi kudumu hata kidogo?

Rozalia, Mlandege

Marahaba, mwanangu, na pole. Adha ya jino aijua mwenye jino. Lakini nitakusema.

Nimemuuliza daktari wa meno hapa Mbeya. Anasema nyeupe tulizonazo sasa ni za meno ya mbele. Gego ni kinu, linatwanga kutwa, dawa hiyo inalika na mwaka au miwili umerudi kitini. Ile ya rangi ya fedha hukaa miaka mingi ukipiga mswaki. Daktari wako alikwambia hayo mapema, ukambishia.

La ndoa ndilo baya zaidi. Mzee alitania mara moja, basi. Tangu hapo nani amekufungua mdomo? Unajikagua mwenyewe kila siku. Wewe unaficha jino, wao wanaona dharau, na mumeo kachoka kukutetea.

Leo hii mkalishe Malimi, fungua mdomo, aone tundu. Wiki hii kazibe, ya rangi ya fedha, na usibishane na mtu. Kisha panda naye basi, na mtoto, mwende Usangu, ukae jikoni kwa mama mkwe, uombe hindi la kuchoma mwenyewe. Wakiliona jino, waambie ndilo lililokuzuia kucheka. Mwanao alikwenda kwa babu yake bila mama, safari hii akusikie ukicheka kule.