Faiba Si Mzigo wa Kuni

Alhamisi. Mbinga ina manyunyu tangu asubuhi, baridi inauma, na mimi nachemka.

Nina hasira. Niliseme hilo kwanza, ndipo nieleze.

Pale hospitalini ninakofanya kazi ya kompyuta, picha za eksirei hazikai ndani ya seva. Zinakaa kwenye kabati la diski upande wa pili wa chumba, na seva inazifikia kwa nyaya mbili za faiba. Ni mbili kwa makusudi: mmoja ukifa, mwingine unabeba kazi. Nilizifunga mwenyewe, mmoja nikaupitisha juu, mwingine chini.

Jana ikatangazwa kuna mgeni kutoka mkoani. Mnatujua mgeni akitajwa! Mawe yakapakwa chokaa, maua yakamwagiliwa huku mvua inanyesha. Katibu wa hospitali akaingia chumba cha seva, akaona nyaya zinaning'inia, akasema huo ni uchafu. Akazikusanya zote pamoja, akazikunja, akazikaza kwa mpira wa tyubu, ule wa kufungia magunia ya kahawa kwenye pikipiki.

Jamani, faiba ndani yake ni kioo! Kioo!

Nilikuwepo. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mzee, hizo hazikunjwi hivyo."

"Mwanangu, mimi nimefunga mizigo wewe hujazaliwa."

Nikanyamaza.

Leo saa nne seva haioni diski hata moja. Kioo kimepasuka kidogokidogo usiku kucha, na njia zote mbili zimekufa, maana zilibanwa pamoja. Na katika chumba cha upasuaji alikuwa ameshaandaliwa mama mmoja wa kijiji cha Ukata, aliyeteleza shambani akavunjika paja. Daktari anafungua picha, hakuna kitu. Kupiga nyingine? Nayo ingehifadhiwa hukohuko. Mama wa watu akarudishwa wodini na maumivu yake, hajala tangu jana.

Nikakimbilia stoo, nikapata waya mmoja wa akiba. Narudi, nakuta mgeni kasimama mlangoni anasifia jinsi palivyopangika, na katibu anatabasamu mpaka magego. Akaninong'oneza nisiguse kitu kwanza, mgeni apige picha.

Picha! Picha ya mpira wa tyubu, na ya mfupa wa mtu haionekani!

Nikamwamkia mgeni shikamoo, nikapita katikati yao, nikaukata ule mpira kwa kisu. Nikachomeka waya mpya. Saa sita picha zikarudi, na saa saba yule mama akaingia upasuaji. Ametoka salama.

Jioni nikakabidhiwa barua. Nijieleze kwa maandishi kwa nini nimemdhalilisha mkubwa wangu mbele ya mgeni, kisha nimwombe radhi.

Nimekaa nayo hapa mezani. Kusema kweli radhi ninayodaiwa ni moja tu, ya kunyamaza jana nikiona kabisa kinachofanyika. Kesho kabla sijafungua ofisi nitaipeleka wodini, kwa mama wa Ukata.