Sahani kwenye Mlango wa Stoo

Enid, Oklahoma
Jumanne, 16 Aprili

Kaka yangu Wendell,

Nakusalimu wewe, wifi Marvella na watoto. Natumai goti lako limepata nafuu na kwamba umemsikiliza daktari walau mara hii moja. Huku kwetu hatujambo. Mvua ya mawe ya wiki iliyopita ilitoboa paa la banda la kuku, lakini kuku wote wamo. Baba anakula, analala, na bado anabishana na redio kila asubuhi. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na hili nikikatizwa sitalimaliza.

Umesema utakuja Jumamosi na gari la mizigo, uchukue bunduki za baba, kisha umpeleke kwenye ile nyumba ya wazee huko Tulsa. Umesema mzee anayefyatua risasi jikoni hawezi kuachwa tena aishi anavyotaka. Sikulaumu. Ningekuwa mimi niko mbali, na nimeambiwa ulivyoambiwa wewe, ningesema vilevile. Ila hukuambiwa yote.

Unakumbuka Oktoba nilikusimulia habari za mteja aliyenichekesha kwenye ile nyumba tupu nje ya mji? Nilikusimulia kama utani, ukacheka. Haikuwa utani. Yule mtu aliufunga mlango nyuma yetu, akasimama mbele yake akitabasamu, na hakusogea. Hakunigusa. Mwenye nyumba alifika kuchukua barua zake, ndipo yule mtu akatoka taratibu kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya hapo nilikuwa nafika kwenye nyumba za kuonyesha wateja na kubaki ndani ya gari, nimeshika funguo, siwezi kushuka. Dalali wa nyumba anayeogopa nyumba! Siku moja baba alinikuta nalia garini, hapa hapa uani kwetu.

Hakuuliza mengi. Alikwenda kabatini, akatoa ile bastola ndogo ya mama, akaniambia nifute kamasi tuanze kazi. Amefundisha nusu ya wilaya hii kulenga shabaha kwenye machimbo ya kokoto, lakini mimi hakuwahi kunifundisha, kwa sababu nilikuwa nakimbilia vitabu na wewe ndiye uliyependa.

Tangu hapo kila Jumanne baada ya chai tulifanya mazoezi jikoni. Taratibu zake unazijua: bastola inaondolewa risasi, risasi zinapelekwa chumbani kwa mama na mlango unafungwa, kisha sahani ya karatasi inabandikwa kwenye ukuta wa matofali. Baba anakaa kwenye kiti kirefu cha mama na kile kisaa chake kinacholia. Kikilia, mkono wa kushoto unavuta shati juu hadi kifuani, wa kulia unaikamata bastola kiunoni, inatoka, mikono miwili inakutana, na kidole kinakaa nje ya kifyatulio mpaka macho yatue kwenye sahani. Mwanzoni shati lilinasa kila mara. Baba alicheka mpaka meno yake ya bandia yakalegea. "We binti, unapandisha shati kama bibi harusi anayevuka dimbwi! Vuta! Likichanika utanunua jingine."

Mwezi mzima hakunipima kasi. Alinirudisha mwanzo, mara hamsini, mara sitini, bila kukasirika, mpaka mkono ukajua njia wenyewe. Mikono yake inatetemeka siku hizi, lakini akiishika yangu kunirekebisha, inatulia. Nilipenda sana zile asubuhi, Wendell. Sekunde nne zikawa tatu, zikawa mbili na nusu, na mimi nikaanza kushuka garini.

Mazoezi yakiisha, lazima mtu aseme kwa sauti, mara tatu, "Mazoezi yamekwisha." Kisha sahani inabanduliwa, na hapo tu ndipo risasi zinatoka chumbani. Tulipokuwa watoto tulimcheka kwamba anaongea na ukuta. Mwaka huu amenieleza kwamba watu wote aliowajua waliotoboa nyumba zao kwa risasi walikuwa makini kabisa, ila kila mmoja alitaka kurudia mara moja tu zaidi.

Sasa kaa chini, kaka. Si baba aliyefyatua ile risasi. Ni mimi.

Siku ile nilikuwa nimeihamishia sahani kwenye mlango wa stoo, kwa kuwa pale pana mwanga zaidi. Nilifika sekunde moja na nusu, baba akapiga makofi. Nikasema maneno yale mara tatu, nikaleta risasi, nikajaza bastola kwa sababu nilikuwa na mteja saa nne. Sahani sikuibandua. Baba alikuwa ameingia chooni. Niliitazama ile sahani, nikasema moyoni: mara moja tu, nione kama kweli ni mimi niliyefika kasi ile. Shati likapanda vizuri ajabu. Mlio ulipotulia nikasikia chupa zinavunjika ndani ya stoo, kisha maji ya sukari yakatoka chini ya mlango yakanifikia miguuni. Zilikuwa pichi za mama, Wendell. Zile za mwisho alizozihifadhi chupani kwa mikono yake kabla hajafariki, na mimi ndiye niliyezipiga.

Baba alitoka amekamata suruali. Akanigusa kichwani, mabegani, akaona sina jeraha, akaichukua bastola mkononi mwangu. Jirani alipofika mlangoni, nami nimefungua mdomo niseme, baba akanitangulia akasema ni yeye. Baadaye nilimgombeza. Akaniambia, "Ukisema ni wewe, hutaishika tena, na zile nyumba utaingia mikono mitupu, au hutaingia kabisa. Mimi nikikosea watasema ni uzee, basi. Nyamaza, mwanangu." Nami nikanyamaza. Nilijiambia namtii baba, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu mbele yako. Nimenyamaza wiki tano, hata ulipomfokea kwenye simu naye akakujibu, "Sawa, mwanangu, sawa."

Leo asubuhi kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliniita jikoni. Sahani ilikuwa kwenye matofali. Shati lilinasa, nikachukua sekunde nne, akaniita bibi harusi, tukacheka. Tulipomaliza akasema, "Mazoezi yamekwisha," mara moja tu. Nikangoja ya pili na ya tatu. Hakusema. Alikiweka kile kisaa ndani ya kiboksi chake, akanipa, akasema huko Tulsa hakitamfaa. Sanduku lake la nguo tayari liko mlangoni. Ndipo nikachukua kalamu.

Njoo Jumamosi, lakini njoo na gari dogo. Ukitaka kumfokea mtu, mimi nipo. Ukitaka kuondoa bastola, ondoa yangu. Baba mwache kwake. Ilibaki chupa moja ya pichi nyuma ya unga, nzima. Nimeificha, tutaifungua watatu.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na ulitunze hilo goti.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Coralee

Nyongeza: Baba ameingia akaniona nalia juu ya karatasi, nikamsomea yote. Amenikasirikia kidogo, akatoka, akarudi. Anasema pichi haziliwi bila mkate wa moto, kwa hiyo Marvella aoke. Kisha ameuliza kisaa chake nimekiweka wapi.